Hedseti ya gemu ndani ya nyumba ya mawe

Swali: Asalaam aleikum, fundi. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Nacheza gemu za risasi usiku kwenye kompyuta ya mezani, pamoja na wenzangu walioko Mombasa na huko kwenu Malindi. Hedseti yangu imechakaa. Ngozi ya mito inapukutika na kunigandia mashavuni, na wenzangu wanalalamika kwamba sauti yangu inatoka kama niko ndani ya birika, feni inavuma, na nyuma yake kuna mngurumo usiokwisha. Mama analala chumba cha pili, kwa hivyo spika siwezi kutumia. Nina shilingi elfu nane. Dukani nimeonyeshwa moja isiyo na waya, na nyingine ya taa iliyoandikwa 7.1. Nichukue ipi? Na nikiongeza pesa nikachukua ya ghali, haya yataisha?

Jibu: Waaleikum salaam, mdogo wangu. Umeeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu imo ndani ya swali lako. Malalamiko ya wenzako ni matatu na kila moja lina mahali linapotoka. Mwangwi unatoka chumbani mwako. Uvumi wa feni unaingia kwa sababu maiki iko mbali na mdomo. Mngurumo usiokwisha, kwa jinsi ulivyoueleza, karibu hakika unatoka kwenye kompyuta yenyewe. Hata ukilipa mara mbili ya hizo elfu nane kwa hedseti yenye taa, mambo hayo matatu yatakufuata vilevile. Ndiyo maana nakuomba utazame vitu vitatu kwanza: maiki, mito na waya. Sauti ya masikioni naiweka ya nne, maana hedseti nyingi za bei ya kati siku hizi zinaiweza.

Nianze na chumba, kwa sababu ndicho kinachosahauliwa. Nyumba za mawe za Amu vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Kuta ni nene na zimepigwa chokaa, na sakafu ni ngumu. Hiyo ni raha kwa joto, lakini kwa maiki ni taabu. Sauti ikitoka kinywani mwako inagonga ukuta huu, inarudi kugonga ule, na maiki inanasa zote: ile ya kwanza na hizo zinazorudi. Wewe huusikii mwangwi huo kwa kuwa masikio yamekizoea chumba. Mwenzako wa Mombasa anausikia wote.

Dawa kubwa ya mwangwi ni umbali. Kila unapoukata nusu umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako hupanda kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali mwangwi na feni hubaki palepale. Chukua maiki iliyo sentimita 40 kutoka mdomoni, kama ile ya kuweka mezani, uilete hadi sentimita 5. Umekata nusu mara tatu, yaani desibeli 18 za faida. Hakuna programu itakayokupa usafi kama huo bila kuiharibu sauti yako. Kwa hivyo sharti langu la kwanza, na hili nalisimamia kabisa, ni hedseti yenye kijiti cha maiki kinachokunjika na kufika pembeni mwa mdomo. Ziko zilizoficha maiki ndani ya kikombe cha sikio. Logitech G435, kwa mfano, ni nyepesi ajabu, gramu 165, na kwa chumba chenye mazulia na mapazia mazito itafaa. Kwa chumba chako mimi nisingeichukua, kwa sababu haina kijiti kabisa.

Ukishaipata, weka kichwa cha maiki upana wa vidole viwili kutoka pembe ya mdomo, kwa pembeni, si mbele ya midomo. Ukiiweka mbele, kila ukitamka P na B pumzi inaipiga na wenzako wanasikia mshindo. Kisifongo cheusi kinachokuja nacho kiache mahali pake. Watu hukivua kwa kuona hakina kazi, na kazi yake ni kuukata upepo huo. Halafu ingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows ushushe unyeti wa maiki, na kama ile nyongeza ya desibeli (Microphone Boost) imewashwa, izime. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaisogeza maiki karibu lakini unyeti wanauacha juu, hivyo chumba chote kinaendelea kuingia na sauti yao inapasuka wakipiga kelele.

Feni nayo ina mahali pake. Maiki nzuri ya kijiti husikia zaidi upande unaotazama mdomo na husikia kidogo kwa mgongoni. Kwenye boksi huonyeshwa kwa mchoro wenye umbo la moyo. Ukiona duara kamili, hiyo inasikia pande zote sawa, iache. Kwa kuwa mgongo wa maiki unatazama mbele yako, feni ikae mbele yako kuliko nyuma. Lakini isikupulize usoni, maana upepo ukiigonga maiki hakuna mchoro utakaosaidia. Kijiti mara nyingi kiko upande wa kushoto, basi feni iweke mbele kulia, ielekee kifuani au miguuni. Nyuma ya kiti chako, ule ukuta unaotazamwa na maiki, tundika blanketi zito au egesha godoro la akiba. Leso moja nyembamba haitoshi. Kinachomeza sauti ni unene.

Baada ya hapo ndipo programu zije. Discord, programu ya kuongea na wenzako mnapocheza, ina kichujio cha kelele cha Krisp ambacho huufuta vizuri uvumi wa mfululizo kama wa feni. NVIDIA Broadcast ina hata kipengele cha kupunguza mwangwi, ila inataka kadi ya picha ya NVIDIA ya aina ya RTX. Tumia moja, usiziwashe zote kwa pamoja, na usiikaze mno, kwa sababu ikikazwa inakula miisho ya maneno. Unapiga kelele "nyuma yako!" na mwenzako anasikia "nyuma". Kwa kelele za ghafla, adhana au punda akilia kichochoroni, hakuna kichujio cha kutegemea. Tegemea swichi. Nazipenda hedseti ambazo ukikiinua kijiti juu maiki inajizima yenyewe, kama HyperX Cloud Stinger, kwa sababu mkono unajua bila macho kutoka kwenye skrini.

Sasa mngurumo. Kabla hujanunua chochote fanya jaribio hili. Ile hedseti yako ya zamani ichomeke kwenye simu yenye tundu la jeki au laptopu ya jirani, urekodi maneno machache. Kama rekodi ni safi, hedseti haina kosa. Kompyuta ndiyo inayonguruma. Rudi kwenye kompyuta, chomoa kwenye matundu ya mbele uchomeke ya nyuma. Waya unaotoka matundu ya mbele hupita ndani ya boksi la kompyuta kandokando ya mitambo yenye kelele za umeme, na katika mashine za mtumba mara nyingi kinga yake ni hafifu. Gusa chuma cha boksi kwa mkono: mngurumo ukibadilika, waya wa ardhi wa nyumba yako una walakini, au soketi haina ardhi kabisa. Hilo mwite fundi wa umeme alitazame, kwa usalama wa nyumba kabla ya gemu.

Ikiwa tundu la nyuma nalo linanguruma, dawa ni kadi ndogo ya sauti ya USB. Ni kidude cha ukubwa wa kidole kinachochomekwa kwenye USB, chenye tundu la hedseti na la maiki. Kinaichukua kazi ya sauti na kuitoa nje ya boksi, na mara nyingi kelele inaishia hapo. Vya kawaida bei yake ni ndogo ukilinganisha na hedseti. Katika elfu nane zako, hiki ningekitengea fungu kabla hata ya kuchagua hedseti.

Ukiangalia pini ya jeki kwa karibu utaona vipete vyeusi. Vikiwa vitatu, pini hiyo imebeba masikio yote mawili na maiki, imetengenezwa kwa simu na laptopu. Vikiwa viwili, ni masikio tu au maiki tu. Kompyuta yako ya mezani bila shaka ina matundu mawili nyuma, la kijani la kusikiliza na la waridi la maiki, kwa hivyo hedseti ya pini moja itahitaji kiungo cha matawi mawili. Hakikisha kimo ndani ya boksi. Watu wengi hurudisha hedseti nzima kabisa wakisema maiki imekufa, kumbe kiungo ndicho kilichokosekana.

Kati ya hedseti ya USB na ya jeki, kwako nachagua ya jeki pamoja na hiyo kadi ndogo pembeni. Hedseti ya USB imebeba kadi yake ya sauti ndani ya waya au ndani ya kikombe. Kadi ikifa, hedseti nzima imekufa. Ukizitenganisha, kinachokufa ndicho unachobadilisha. Na kwa watu wa pwani waya unaochomoka pande zote mbili ni neema. Waya hukatika shingoni mwa pini, pale unapojikunja kila siku, na hewa ya chumvi huivamia shaba mara tu ganda linapofunguka. Kuunganisha upya si kazi ya kila mtu, kwani nyuzi za ndani zimepakwa rangi ya kuhami umeme na risasi ya kulehemu haishiki mpaka rangi hiyo iunguzwe kwanza. Nimeona meza nyingi za ufundi zikishindwa hapo na kusema hedseti haitengenezeki. Waya unaochomoka unaubadilisha mwenyewe kwa dakika moja. Pini ikianza kupoteza mng'ao na sauti kukwaruza, ifute kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke, basi.

Mito ndiyo iliyokuleta kwangu, na nataka uelewe kwa nini ile yako ilipukutika. Ile si ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa poliyurethani, aina ya plastiki laini, na unyevu wa hewa huivunja polepole hata ikiwa imekaa kwenye boksi. Joto na jasho huharakisha. Lamu na Malindi hatuna msimu wa hewa kavu wa kuipumzisha. Kaskazi ina joto, na masika yana unyevu. Mito ya aina hiyo kwetu haina maisha marefu hata kwa hedseti ya bei kubwa.

Tafuta mito ya kitambaa au ya mahameli. Hupitisha hewa, sikio halichemki usiku wa gemu ndefu, na mingi unaweza kuivua ukaifua kwa mkono kwa sabuni laini na kuianika kivulini. Ina upungufu wake: hupitisha sauti kidogo nje na ndani, na mshindo wa besi unapungua. Kwa gemu za risasi huo si msiba, maana besi nzito ndiyo inayofunika vishindo vya miguu ya adui. Kabla ya kununua uliza jambo moja: mito ya akiba ya modeli hii inapatikana? Kama muuzaji hajui, angalia mtandaoni mwenyewe. Hedseti ambayo mito yake haibadilishwi ina tarehe ya mwisho tangu siku unayoinunua. Baada ya kucheza usiiache dirishani upepo wa bahari uipige. Ifute, iweke ndani ya kisanduku pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Uzito pia unahesabika. Ukipata iliyo chini ya gramu 280 shingo yako itashukuru, na ukivaa miwani jaribu kwanza jinsi inavyobana, kwani mito migumu hukandamiza fremu kwenye mfupa.

Hedseti zenye vikombe vilivyo wazi nyuma ni tamu kwa hewa na sauti yake ni pana, lakini wewe una feni. Uvumi wake utaingia masikioni nawe utapandisha sauti kuushinda. Chukua iliyofungwa. Shirika la Afya Duniani linaweka kipimo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Ukicheza kila usiku kwa sauti ya kuishinda feni, unaweza kuzimaliza saa hizo kabla ya Jumatano. Masikio yakivuma baada ya kuvua hedseti, umeshapita kipimo. Hili naliomba kwa dhati, mdogo wangu, kwa sababu chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Ile isiyo na waya uliyoonyeshwa, uliza inaungana vipi. Kama ni kwa Bluetooth peke yake, iache. Sauti huchelewa, adui anaonekana kwanza na mlio wa bunduki yake unafuata. Na kuna tatizo kubwa zaidi: kwa Bluetooth ya kawaida, mara tu maiki inapofunguliwa hedseti hubadilika na kuwa kama ya kupigia simu, sauti inakuwa nyembamba, pande mbili zinakuwa moja, na hujui tena hatua zinatoka kulia au kushoto. Teknolojia mpya ya Bluetooth iitwayo LE Audio inaliondoa hilo, ila ni mpaka kompyuta na hedseti zote mbili ziwe nayo. Zile zenye kidude chake cha USB kinachotumia masafa ya 2.4 GHz hazina kasoro hiyo na ni nzuri kweli. Lakini kwa elfu nane utakuwa umelipia betri na redio, na kilichobaki ndicho kimetengeneza maiki. Betri nayo huchoka, tena kwa joto letu huchoka mapema.

Kuhusu 7.1, yaani ahadi ya sauti ya kukuzunguka kana kwamba una spika nane. Masikio yako ni mawili. Ubongo hutambua upande kwa sababu sauti ya kulia hufika sikio la kulia mapema kidogo, tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hufika na nguvu zaidi kwa kuwa kichwa kimelikinga sikio la pili. Mbele na nyuma, juu na chini, ubongo husaidiwa na mikunjo ya sikio. Gemu nzuri hulikokotoa jambo hilo lenyewe: Counter-Strike 2 na Valorant zote zina mpangilio huo ndani yake, na unafanya kazi na hedseti yoyote ya spika mbili. Maandishi ya 7.1 kwenye boksi, kwa hedseti nyingi, ni programu inayofanya kazi ileile kwa mara ya pili. Zikiwaka zote mbili, sauti inavurugika na hatua zinaelea. Kama kuna gemu isiyo na mpangilio wake, Windows 10 na 11 zina Windows Sonic bure. Washa moja tu.

Namba nyingine hazistahili muda wako. Spika ya milimita 50 si lazima iishinde ya 40. Sikio la binadamu husikia takriban kati ya hezi 20 na 20,000, kwa hivyo ahadi ya hezi 40,000 ni wino tu. Ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme, uwe karibu na omu 32. Ya omu 250 itakupa sauti ndogo bila kikuza sauti. Taa hula umeme wa USB na hazisikiki.

Majina? SteelSeries Arctis Nova 1 inakaribia sana kile nilichokieleza: mito ya kitambaa, gramu 236, maiki inayovutwa nje na kurudishwa ndani, pini ya jeki. HyperX Cloud II ni ya kale kidogo na nzito zaidi, lakini ni imara, maiki yake huchomoka, na imekuwa ikiuzwa na mito ya mahameli ya akiba ndani ya boksi. Uliza kama bado imo. Zote mbili huenda zikapita elfu nane kulingana na duka. Zikipita, Redragon H510 Zeus ni ya chini zaidi kwa bei na maiki yake huchomoka. Mito ndiyo utakayoibadilisha kwanza. Kati ya Zeus pamoja na kadi ndogo ya sauti, na nyingine ya ghali kwenye tundu linalonguruma, mimi nachukua Zeus bila kusita. HyperX na Logitech zimeigwa sana, kwa hivyo bei ikiwa nusu ya maduka mengine, jua kuna namna. Uzito halisi umeandikwa kwenye tovuti ya kampuni; mzani wa duka lolote la vyakula utakwambia kama unacholipia kimepungua.

Kwa kuwa huenda ukaagiza kutoka Mombasa, mzigo uje kwa basi hadi Mokowe kisha uvuke kwa mashua, patana na muuzaji kwa maandishi kabla ya kutuma pesa: siku ngapi za kurudisha, na nauli ni ya nani. Siku ya kuupokea usingoje usiku wa gemu. Cheza wimbo unaoujua na utumie kipimo cha kushoto na kulia kwenye mipangilio ya sauti. Ukunje waya taratibu karibu na pini na karibu na kikombe huku wimbo ukiendelea. Rekodi dakika moja feni ikiwa imewashwa, usikilize. Ukisikia mkatiko, au upande mmoja ukiwa mdogo kuliko wa pili, usiipeleke kwa fundi yeyote, hata mimi, kwa sababu ikifunguliwa dhamana imekwenda. Irudishe ndani ya boksi lake na risiti na kila kilichokuwemo, ivuke na mashua ya asubuhi iwahi basi.